Wanafunzi shambani: wanajifunza au wanalimishwa?

Kundi la wanafunzi likirudi kutoka shambani, ripoti zao hufanana: tumelima, tumechoka, kilimo si mchezo. Wanaozitetea ziara hizi huridhika na hapo. Wanaozipinga husema mzazi halipi ada ili mwanawe akapalilie. Kila upande una hoja yake, ila mimi naona swali zito ni moja: je, mwanafunzi atarudi kwenye tuta lilelile?

Faida ipo. Darasani anaambiwa mahindi yapandwe sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, shina moja kila shimo. Anapiga hesabu, anapata mashina 44,444 kwa hekta, anawekewa vema. Shambani kamba inalegea, ardhi ina mteremko, na mwenzake anachimba mashimo yenye vina tofauti. Baada ya siku kadhaa mbegu nyingine zimechomoza, nyingine bado, ndipo anaelewa kwa nini kina kilitajwa. Unyevu nao ni vivyo hivyo. Finyanga udongo kiganjani: donge likimomonyoka ukiligusa kwa kidole, lima, likinata, subiri, maana udongo uliolimwa ukiwa chepechepe hushindiliana na kukauka mabonge. Kitabu kinaweza kuyaeleza hayo, lakini kipimo chenyewe kinakaa mkononi.

Sasa mgeukie mwenye shamba, ambaye ni nadra kuulizwa. Mpaliliaji mgeni hawezi kutofautisha mche mchanga wa mahindi na baadhi ya nyasi, kwa hiyo ang'oa ang'oa yake haibagui. Jembe linapita karibu mno na shina na kukata mizizi. Magugu yanaachwa yamelala juu ya udongo mbichi, mvua ikinyesha yanashika tena. Mwenye shamba anashukuru kwa adabu, kesho yake anairudia kazi. Kwenye ripoti ya wanafunzi hasara hiyo haimo.

Hoja inayoniumiza kichwa zaidi ni ya kazi ya bure. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaohusu umri wa chini wa kuajiriwa, hauigusi kazi inayofanywa shuleni ikiwa ni sehemu ya elimu. Ni busara, vinginevyo hata karakana za ufundi zingefungwa. Lakini mlango huohuo unaweza kupitisha shamba la mwalimu mkuu linalolimwa na darasa zima, au jembe wanalokabidhiwa waliochelewa namba asubuhi. Anayelima kama adhabu hujifunza kwamba kilimo ni adhabu.

Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya elimu yenyewe na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Hapo ndipo ninapouona mpaka. Asiyejua kwa nini zao hili lilichaguliwa, wala mavuno yamekwenda wapi, ni kibarua tu mwenye sare.

Kikwazo halisi ni kalenda. Palizi ya kwanza ya mahindi haisubiri mitihani, na mavuno huja baada ya miezi mitatu au zaidi, pengine shule zimefungwa. Ziara ya siku moja hukutana na zao katika hatua moja tu, mara nyingi ile inayohitaji mikono mingi. Kama muda ni mfupi, ni afadhali kundi lipewe tuta dogo la mchicha, ambao huvunwa ndani ya wiki chache, kuliko ekari ya mahindi ambayo hawataiona ikibeba. (Viuatilifu wasiguse kabisa, hilo halina mjadala.)

Insha ya "tulichojifunza" ningeifuta. Badala yake kundi lishike daftari la shamba: tarehe ya kupanda, mashimo yaliyokufa, mbolea iliyowekwa, saa za kazi, kilo zilizovunwa, na nani amezichukua. Mkaguzi akija, aanze na safu hiyo ya mwisho.