Nimepanda Mlima Kwenda Kuitazama Mombo

Asubuhi hii jirani amekuja kunikopa elfu ishirini. Kukopwa sikushangai, mtaani kwetu tunakopana hata kiberiti. Kilichoniuma ni sababu aliyoitoa, tena kwa adabu zote: "Baba Kibibi, nimeona picha zenu za milimani kwenye status ya mama Kibibi. Hongereni sana. Nikasema moyoni, kumbe ndugu yetu mambo yake mazuri."

Mambo yangu mazuri! Mimi mwenye genge la kabichi na nyanya hapa Tanga, ambaye hata mizani ninayopimia ni ya kuazima!

Sasa ngoja niieleze picha yenyewe, maana nikinyamaza hadi jioni foleni ya wakopaji itafika kwa fundi cherehani.

Wazo halikuwa langu, lilitoka shule. Sisi mlima tulichorewa ubaoni, pembetatu na jua linachungulia kwa nyuma, na tukaelewa. Watoto wa siku hizi lazima wajifunze kwa kuona, halafu waandike ripoti. Huko kuona nani anagharamia, mwalimu hakuandika kwenye daftari. Redioni nako usiku na mchana utalii wa ndani, tembelea vivutio vyako. Vyangu? Mbona nikifika getini naulizwa risiti?

Mama Kibibi akakata shauri: "Lushoto si mbali. Asubuhi mnakwenda, jioni mmesharudi." Yeye hakuja, alikuwa na shughuli ya shoga yake. Na nimeshachunguza, anayesema si mbali siku zote ndiye anayebaki nyumbani.

Tanga hadi Mombo, pale chini ya mlima wa Lushoto, sina neno. Mkonge kulia, mkonge kushoto, mtoto kalala. Shida ilianzia Mombo, kwenye Noah. Mjapani aliitengeneza ile gari akiwa na hesabu yake kichwani, lakini konda wa Mombo hesabu hiyo hakuisoma. "Sogeeni, huyu ndiye wa mwisho." Akaingia wa mwisho, akaingia mdogo wake wa mwisho, akaingia mama na jogoo. Goti langu la kushoto nilikuja kulipata Lushoto.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na zote ni kona. Wanasema njia ile ni ya tangu enzi za Mjerumani, na nadhani aliyeichora alikuwa anamfukuza nyoka. Kona ya sijui ya ngapi Kibibi akanivuta shati. "Baba, nataka kutapika." Hapo ndipo nilipolikumbuka rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na mimi naunga mkono kabisa, mazingira lazima tuyatunze. Lakini waliopitisha uamuzi ule sidhani kama waliwahi kubanwa kwenye Noah na mtoto aliyekula chapati na maharage. Mfuko mbadala una matundu, jamani. Una matundu! Ikabidi nivue kofia yangu, ile ya kushonwa kwa mkono aliyonizawadia mama mkwe. Tulipofika Soni abiria wote wakageukia maporomoko wakasema aah, mimi niko palepale, nimeikumbatia kofia kwa mikono miwili kama baba wa bibi harusi aliyekabidhiwa mahari.

Baridi ya kule msiniulize. Muuza mitumba alitutazama miguuni, akaona ndala mbili na kandambili mbili, akajua hawa wa pwani, na bei ya sweta ikapanda palepale mbele ya macho yangu.

Haya, tumeshuka stendi. Kijana mmoja akatuganda. Kofia pana, buti, fimbo, kitambulisho kinaning'inia shingoni hadi kitovuni. Akatuporomoshea Kiingereza. Nikamwambia, "Kijana, mimi nimetokea Tanga. Nimepita Muheza na Korogwe, Ulaya sikupita." Akacheka, akasema hakuna tatizo, siku hizi anawahudumia hata watu wa ndani, tena kwa bei ya kizalendo. Nilipoisikia bei ya kizalendo nikatamani kuwa msaliti.

Nikamwambia asante, njia naijua. Kibibi akadakia, "Baba, si ulimwambia mama huku hujawahi kufika?" Nikasema basi hata hivyo sina hela mkononi. "Mkononi hana," Kibibi akamweleza kijana wa watu, "ana elfu kumi kwenye soksi." Tukapatana elfu kumi.

Kumbe yule kijana maelezo yake alikariri kwa ajili ya Wazungu, na kwetu alikuwa anayafasiri tu kama yalivyo. Hatukwenda mbali akasimama, akanyoosha fimbo. "Huu," akasema, "ni mgomba." Akanyamaza ili nipate nafasi ya kushangaa. "Huzaa ndizi. Wenyeji wa hapa hula ndizi." Nikamwambia hata sisi. Hakusikia. "Lile analoshika mama yule ni jembe la mkono." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa Pongwe, jembe nimelishika kabla ya kijiko." Akaendelea mbele. "Ng'ombe yule ni wa maziwa." Kibibi yuko nyuma anaandika kila kitu. Nilipochungulia daftari nikakuta: *Mgomba huzaa ndizi.* Elfu kumi yangu hiyo, imeandikwa kwa penseli.

Kuna mahali alinivutia kidogo, sitamnyima haki yake. Kwenye kibaraza cha nyumba moja palikuwa na kopo la rangi lenye mmea mdogo, majani ya manyoya, maua ya zambarau. Akasema mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul aliokota mbegu za ua lile huku kwetu akazituma kwao, na leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, watu wanaliuza na kulinunua, na wataalamu wakalipa jina la huyohuyo Mjerumani. Nikauliza, na sisi tulipata nini? Akafikiri. "Utalii," akasema. Nikauliza kama linaliwa. Haliliwi. Nikaona basi, abaki nalo.

Tukakata njia ya mashambani. Mara kijana akanyata, akakunja tawi, akageuka nalo. Juu ya tawi kuna kinyonga. Tena si kinyonga wa kawaida, huyu ana pembe mbili puani. "Huyu ni wa Usambara Magharibi tu," anasema kwa fahari, "duniani kote hayuko kwingine." Nikamwambia hilo ni jambo la kushukuru. Watu wa pwani mnanielewa. Sisi tumelelewa tukijua kinyonga akikung'ang'ania hakuachii, na hakuna daktari wa kumbandua. Kijana anakuja tu. "Mshike mzee, hana madhara." Jicho moja la kinyonga linanitazama mimi, la pili linaitazama soksi. Kibibi keshanyoosha kidole. "Mama, usiguse hicho!" Namvuta mtoto kwa mkono huu, tawi nalisukuma kwa mkono ule, narudi kinyumenyume, heshima yangu yote ya ubaba imeshika njia ya Mombo peke yake, hadi nikajikuta nimekaa katikati ya tuta la karoti la watu.

Kimya. Kisha nikasikia sauti ya kijana juu yangu, haijabadilika hata kidogo: "Na hawa sasa ni wanawake wa Kisambaa. Ni wachapakazi, na wakarimu sana kwa wageni."

Nikainua macho. Mama mwenye jembe amesimama kiunoni kajishika, ananitazama mimi na karoti zake nilizozikalia. Akakunja uso. Akaukunjua.

"We si yule wa genge, tunaonana pale Mgandini?"

Enyi watu. Usambara yote ile, mabonde na misitu, nimekwenda kukaa kwenye shamba la mtu anayenidai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viroba vyangu viwili vya karoti, vya tangu Ramadhani."

"Mama, biashara imekuwa ngumu."

"Wenyeji hupenda kuzungumza na wageni," kijana akamweleza Kibibi.

"Biashara ngumu," mama akasema, "ila hela ya kuja kutembea unayo."

"Ni mambo ya shule, mama. Huyu mtoto."

"Na huyo mwenye fimbo naye ni wa shule? Unamlipa ngapi?"

Nilimtazama Kibibi kwa lile jicho ambalo kila mtoto aliyelelewa analijua. Hakuliona, alikuwa anamtazama kinyonga. "Elfu kumi," akasema. "Iko kwenye soksi."

Basi nikasimama kwa mguu mmoja katikati ya karoti nikavua soksi. Yule mama aliipokea noti kwa ncha za vidole viwili, akaipepea ipate hewa, akasema zimebaki elfu thelathini na tano. Kisha akamchumia mtoto matunda damu akamjaza mifuko yote ya sweta, kwa hiyo kuhusu ukarimu kijana alikuwa amesema kweli. Ila yeye mwenyewe, tangu aione noti ile ikibadilisha mikono, hakusema tena kitu. Ng'ombe alipita hakumtambulisha. Njia panda akaniambia ziara imeishia hapo.

Kwenye ukingo wa kutazamia tulifikishwa na vitoto vya kijiji, bure. Getini si bure. Kiingilio nikalipa kwa hela iliyokuwa ya chipsi, tukaingia, tukasimama pembeni ya jabali, na kweli pale ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa bonde limetandazika, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara kama uzi, malori madogo yanatambaa, mabati yanametameta. Mlinzi akanisogelea, akanyoosha mkono: "Pale chini, mzee, ndiyo Mombo."

Mombo! Mombo nimetoka asubuhi! Nilikuwa pale, nimesimama kwenye vumbi lake, nimenunua maji, na hakuna aliyenitoza senti kwa kuitazama! Nimefunga genge siku nzima, nyanya zinalainika huko hakuna wa kuzigeuza, Jumamosi nina marejesho ya vikoba, nimetapikiwa kofia, nimedaiwa mbele ya mwanangu, ili nilipie kuiona Mombo ikiwa ndogo. Na sisemi kwa utani. Mtu anayekula kwa siku akifunga siku moja, pengo lake halizibiki kesho yake, linamfuata mwezi mzima. Wanaosema tutembelee vivutio wana mshahara unaoingia hata wakiwa wamelala. Mimi nikilala na nyanya zinalala.

Kibibi akaning'inia mkono. "Baba, lori lile dogo kabisa." Akacheka peke yake. Halafu, "Nipige picha." Mlinzi akatupiga wote wawili. Meno mnayoyaona nimeyatoa ni ya baridi.

Nauli ya kurudi mama Kibibi alituma kwa simu, na makato nikakatwa. Noah ya jioni ikapakia viazi, kabichi na sisi, kwa mpangilio huo wa umuhimu. Kabla ya Mombo konda akapaza sauti, "Inameni, trafiki!" Tukainama. Watu wazima, mwalimu mmoja, mzee mmoja wa msikiti, wote vichwa magotini tunapumua kabichi, na trafiki mwenyewe alikuwa ametupa mgongo anakula mahindi.

Nilidhani yamekwisha. Hayajaisha. Ripoti inatakiwa kesho, na lazima iwe na picha ya rangi. Ya rangi! Mlima wa kijani na baba wa kijivu si ungeonekana tu? Nimekwenda steshenari ya karibu, kijana anataka elfu moja kwa karatasi moja. Ya kwanza imetoka kichwa changu kimekatwa, Kibibi anaonekana amesimama na shati. Nikagoma kuilipia. Akasema hiyo ni "setingi" ya simu yangu, si kosa la mashine. Tukabishana. Ya pili imetoka nusu, wino wa njano umeisha, sasa kichwa kipo lakini mlima umekuwa wa bluu na mimi nimekuwa zambarau. Kamwita kaka yake. Kaka yake kaigonga mashine ubavuni mara mbili, ikaanza kunguruma vizuri, karatasi ikaingia, na umeme ukakatika. Wamenipa kiti. Kaka mtu anasema utarudi saa moja, ila ya usiku au ya asubuhi, hilo anasema nisimuulize yeye.