Q Bila U

Ukienda kujitambulisha kwa baba mkwe mtarajiwa, unajiandaa kuulizwa kwenu wapi, kazi gani, na kanisa lipi. Mimi, kule Wundanyi kwenye baridi ya milima ya Taita, nilifunguliwa ubao wa Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno na kuhesabu pointi.

Mchumba wangu alikuwa amenidokezea. "Baba amefundisha Kiingereza mpaka amestaafu. Ukimshinda vibaya atakuchukia. Ukijiachia akushinde, atakudharau."

"Sasa nifanyeje?"

"Mpe mchezo," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nikamkimbilia binamu yangu wa Kisauni, ambaye hucheza Scrabble kwenye simu mpaka chai inapoa mara mbili. Akanieleza siri. Mchezo una vigae 100, Q ni moja tu, nayo ina pointi 10, na kwa Kiingereza karibu kila mara hufuatwa na U. Watu wengi wakiipata hukaa wakingojea U kama abiria anayengojea gari lililokwisha kupita, hadi mchezo unaisha na pointi wanakatwa. Dawa yake ni maneno yenye Q yasiyohitaji U: QI, QAT, FAQIR, QOPH, TRANQ. Akanitumia orodha.

"Na maana zake?"

"Maana za nini? Hakuna anayeuliza maana. Hata mashindanoni."

Nikakariri tahajia zote. Njia nzima kutoka Mombasa hadi Voi midomo inacheza, hadi mama aliyekaa kando yangu akadhani nasali, akaitikia amina.

Tukala kimanga, tukanywa chai, meza ikasafishwa. Mwalimu akaleta herufi ndani ya soksi ya zamani ya shule, na kamusi nene iliyofungwa mgongoni kwa gundi nyeusi ya fundi umeme. Q yao ilikuwa imefutika mkia, ukiitazama haraka ni O. Unaitambua kwa ile 10 ndogo pembeni. Mama alikuwepo, shangazi alikuwepo, na mjomba mmoja mwenye kofia ya sufi ambaye tangu tufike alikuwa hajasema neno.

"Kwangu hapa," Mwalimu akasema, "neno lina maana. Ukiliweka, lieleze. Usipolijua, kamusi inalijua."

Binamu yangu hakunitajia sheria hii.

Mwalimu akafungua na DOWRY, yaani mahari. Akaeleza maana yake taratibu huku akinitazama mimi, si ubao. Tukaenda, tukaenda, Q ikanijia, na pale katikati kulikuwa na A imekaa wazi. Nikaweka QAT.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mmea, Mwalimu." Nilibahatisha tu, na ubaya wa kubahatisha ni kwamba mara nyingine unapatia.

"Mmea gani?"

Nikanyamaza. Akalamba kidole, akafungua kamusi, akasoma kimoyomoyo, kisha akavua miwani. "Majani ya kichaka cha Uarabuni na Afrika Mashariki. Hutafunwa ili kuchangamsha mwili." Akanigeukia. "Miraa."

Mama akaacha kumimina chai. "Miraa?" shangazi akauliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana.

Nikatabasamu ile tabasamu ya picha ya kitambulisho. Baadaye kidogo nikapata K, nikaona A na T zimejipanga zenyewe, nikakumbuka KAT ilikuwemo kwenye orodha ya binamu. Nikaiweka, nikidhani nimehama kabisa mtaa ule.

Mwalimu akafungua. Akasoma kwa sauti ya msoma taarifa ya habari: "KAT. Tazama QAT."

"Ameirudia!" shangazi akasema. "Hata kujificha hajifichi."

Mchumba wangu alikuwa ameinamia mapaja yake, mabega yanatikisika. Nikadhani analia.

Mchezo wa pili, soksi ile ile, na mkono wangu ukaivuta Q tena. Alfred Butts, yule msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930 baada ya kukosa kazi, alihesabu herufi kwenye magazeti kujua ipi inatumika zaidi. Aliiona Q ilivyo adimu. Angeiacha tu huko gazetini.

Nikaweka FAQIR. Hili nilijua maana yake, na nikajibu kwa kifua mbele kabla sijaulizwa: "Fakiri! Mtu asiye na kitu, anayeishi kwa kuomba."

"Tumesikia kwa kinywa chake," shangazi akamwambia mama.

Mchezo wa tatu nikaweka TRANQ. Kamusi ikasema ni dawa ya kutuliza wasiwasi. Mwalimu akaifunga polepole. "Kwa hiyo usiku unatafuna, asubuhi unajituliza. Na hela huna."

"Mwalimu, kwenye Scrabble maana haihitajiki," nikajitetea. "Kuna bwana wa New Zealand, Nigel Richards, mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Kifaransa na Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Alikariri kamusi tu!"

"Na yeye alikuja kuniomba binti?"

Pointi nilishinda mimi, kwa taarifa yenu. Hakuna aliyezisoma. Habari ya mahari ilipoguswa, Mwalimu akasema ng'ombe tutawazungumza "kijana akipata nafuu."

Tukaaga. Nikiwa natafuta viatu vyangu uani, nikasikia hatua nyuma yangu. Mjomba. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanishika kiwiko.

"Mkwe," akanong'ona, neno lake la kwanza tangu asubuhi, "umeacha wapi mzigo?"

"Mzigo gani, mjomba? Sina kitu."

"Usinifiche. Mtu anayejua kuiandika kwa njia mbili hawezi kukosa hata fungu moja."

Nikampa noti ya mia mbili aniachie kiwiko. Akaipokea, akaniambia wazi kwamba hiyo ni ya leo tu.