Kiganja Kilichogeuka Kobe

Mwanangu wa kiume alikuwa na umri wa miezi mitatu nilipomwahidi mama mkwe kwa simu, tena kwa sauti ya fundi aliyebobea, kwamba ningemtengenezea kwa mikono yangu ukumbusho wa kiganja cha mjukuu wake, uliochapwa katika unga wa chumvi, ukaokwa, ukapakwa rangi na kutiwa utepe wa kuutundikia ukutani. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, aliniuliza kama nimewahi kuifanya kazi hiyo. Nilimjibu kwamba yenyewe inahitaji vitu vitatu tu, yaani unga, chumvi na maji, na kwamba mwanamume anayeshindwa na vitu vitatu ana matatizo mengine.

Vipimo kwa kweli havina ugumu: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe 1, yanayotiwa kidogo kidogo mpaka donge liache kunata mikononi. Jambo ambalo hakuna aliyenidokezea ni kwamba donge hilo hukandwa kwa dakika kama 10, na kwamba mtu mwenye mchubuko kidoleni atazihesabu dakika hizo moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa na michubuko miwili. Nilikanda huku nikipiga mluzi ili mke wangu asishuku chochote, nikalisukuma donge kwa chupa hadi likawa duara lenye unene wa sentimita 1 hivi, jeupe na laini, kisha nikaenda kumchukua mwenye kiganja.

Mtoto wa umri ule akiguswa kiganja hufumba ngumi. Hafanyi hivyo kwa ubishi. Ni tendo analozaliwa nalo, wala halimtoki mpaka afikishe miezi mitano au sita hivi. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichokiona ni kwamba kiganja kilipogusa tu donge, vidole vilijikunja na kulishika, unga ukachomoza katikati ya vidole kama tope linavyochomoza katikati ya vidole vya mtu aliyekanyaga dimbwi, na kila nilipojaribu kumbandua, ndivyo alivyozidi kukaza. Nilipofanikiwa kukifungua kidole cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimekwisha kujifunga tena. Kisha ngumi ikaanza safari ya kwenda kinywani. Chumvi nyingi kiasi kile haifai kabisa kwa figo za mtoto mchanga, kwa hiyo niliirukia ngumi ile kama golikipa, nikaidaka ikiwa imebakisha nusu shibiri, na katika kuruka huko kiwiko changu kikatua katikati ya duara. Alama ya kiwiko ilitoka vizuri sana. Ukumbusho wa kiwiko cha baba, hata hivyo, hakuna aliyeuagiza.

Niliamua kubadili mkakati na kutumia unyayo. Nilikanda donge la pili, nikamvua mtoto nepi ili miguu iwe huru (uamuzi ambao hadi leo siwezi kuutetea), nikausogeza unyayo taratibu. Donge lilipomgusa kisiginoni na kupanda ubavuni mwa wayo, kidole gumba kiliinuka juu na vingine vikatanuka kama mguu wa bata. Nilipobonyeza chini ya vidole ili vilale, vyote vikajikunja ndani. Ilikuwa kana kwamba mkono na mguu vimekaa kikao usiku na kupanga namna ya kunihujumu. Nilikuwa bado nimeinama nikitafakari, uso wangu ukiwa karibu kabisa na kazi yangu, mtoto alipokojoa. Mkojo ulipanda juu, ukachora upinde wa kupendeza, ukanipiga kwenye paji la uso na kumalizikia katikati ya donge, ambalo sasa lilikuwa limepata maji kupita kipimo.

"Baba watoto," mke wangu alisema akiwa mlangoni, akijitahidi kuuzuia mdomo wake usicheke, "msubiri alale."

Ushauri huo ulikuwa mwepesi kiasi cha kuniudhi, na ulifaa. Akiwa katika usingizi mzito kiganja chake kilifunguka chenyewe kama ua. Nilitumia donge la tatu, nikabonyeza kidole kimoja kimoja huku nimebana pumzi, nikainua mkono wake, na pale chini palikuwa na kiganja kamili: vidole vitano, mikunjo ya viungo, hata kile kikunjo cha kifundo kinachofanana na uzi uliofungwa. Niliufuta kwa kitambaa chenye maji, bila yeye kugeuka, nikatoka kwa kunyata.

Hapo ndipo ningestahili kutulia. Unga wa chumvi huokwa kwa moto mdogo, nyuzi joto 100 hivi, kwa saa 2 au 3, ili maji yatoke polepole. Mimi nilipiga hesabu zangu, nikaona kwamba nikiweka nyuzi 200 kazi ingekwisha kwa nusu ya muda. Mvuke haukuzijua hesabu hizo. Sehemu ya juu ilikauka mapema, mvuke ukakosa pa kutokea, na nilipofungua oveni nilikuta kiganja cha mwanangu kimevimba katikati kama gamba, kimepasuka kwa mistari, na vidole vimechomoza pembeni, vinene na vya kahawia.

"Baba, umetengeneza kobe!" alishangilia binti yetu mwenye umri wa miaka minne.

Kidole gumba, kwa maoni yake, kilikuwa kichwa, na vile vinne vilikuwa miguu, ingawa yote ilikuwa upande mmoja. Alipaka rangi ya kijani, akaleta vifungo viwili vya shati viwe macho. Nilivitia katika kile kijibomba kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha, kwa maana kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Vilipita vyote, kwa hiyo macho tuliyachora. Sikupaka vanishi. Kwa mama mkwe nilisema ukumbusho bado unakauka, na nikaendelea kusema hivyo kwa wiki sita.

Kisha mvua zikaanza. Chumvi huvuta unyevu hewani, na kobe wetu, asiye na vanishi, alianza kutoka jasho, akalainika shingo, na asubuhi moja kichwa kikaanguka sakafuni. Mimi nilikuwa naoga. Simu iliita, binti yangu akaipokea, nami kupitia mlangoni nikamsikia akimpa bibi yake habari za nyumbani kwa utulivu mkubwa.

"Bibi, kidole gumba cha mtoto kimekatika. Baba alikiweka kwenye oveni."

Nilitoka mbio nikiwa na povu hadi masikioni, nikainyakua simu na kueleza yote kwa pumzi moja: ngumi, bata, mkojo, mvuke, kobe. Upande wa pili palikuwa na ukimya mrefu.

"Mwanangu," mama mkwe alisema hatimaye, "nipe mama watoto."