Mchicha, sukuma wiki na saratani: ushahidi unafika wapi?

Hoja kwamba mlo wa majani na nafaka isiyokobolewa hukinga saratani haikuletwa na wauza juisi ya kijani wanaoinadi kama dawa ya saratani. Sehemu yake kubwa ilizaliwa Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona kuwa saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ikiua watu wengi Uingereza na Marekani, ilikuwa adimu kwa wagonjwa wa hospitali ya Mulago. Mwaka 1971 aliandika kuwa sababu iko kwenye chakula: anayekula nyuzinyuzi, sehemu ya mmea ambayo tumbo halimeng'enyi, kwa wingi hupata choo kingi, laini, kinachopita upesi, kwa hiyo ukuta wa utumbo haukai muda mrefu na vitu vinavyoudhuru.

Waliompinga hawakubwabwaja. Waganda wengi wa enzi zile hawakufikia umri ambao ugonjwa huu hushamiri, na vifaa vya kuchungulia utumbo vilikuwa haba, hivyo huenda wapo waliozikwa bila kujulikana walichokuwa wakiugua. Kisha mwaka 1999 Marekani ikatoa matokeo ya wanawake zaidi ya 88,000 waliofuatiliwa kwa miaka 16, na waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuonekana kuwa salama kuliko wenzao. Wengi wakadhani mjadala umefungwa. Haukufungwa. Mwaka 2003 utafiti wa nchi 10 za Ulaya, wenye watu zaidi ya nusu milioni, ulionyesha kinyume chake: wenye kula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango kidogo zaidi.

Kilichonivuta mimi zaidi ni jaribio la mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 walilishwa kwa wiki mbili chakula cha Waafrika wa vijijini Afrika Kusini, chenye nyuzinyuzi tele, na wanakijiji 20 wakalishwa nyama na mafuta ya Kimarekani. Ndani ya muda huo mfupi, dalili za ukuta wa utumbo kuvimba kwa mwasho zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanakijiji. Bakteria wa tumboni huzichachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi inayolisha chembe za ukuta wa utumbo, na asidi hiyo ilipanda upande mmoja ikashuka upande mwingine. Wiki mbili haziwezi kuonyesha saratani yenyewe, lakini zinaonyesha njia. Kwa maoni yangu Burkitt alikuwa karibu na ukweli kuliko wapinzani wake, ingawa kasi ya choo haikuwa kiini chote cha jambo.

Na hoja hiyo inatuhusu leo kuliko ilivyowahusu babu zetu. Nyumba nyingi zimehama kutoka dona kwenda sembe, nafaka iliyovuliwa makapi yake. Ukiondoa dona, kinacholeta nyuzinyuzi kwenye sahani ya ugali ni maharage na ile mboga ya pembeni. Ndiyo maana fungu la matembele au mchicha lina thamani hata kama halina miujiza.

Nje ya utumbo mpana, ushahidi unapungua nguvu. Mwaka 1997 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani ulitangaza kuwa ushahidi wa mboga na matunda dhidi ya saratani kadhaa, zikiwemo za mdomo, umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), tumbo na mapafu, ni wa kusadikisha. Miaka 10 baadaye mfuko huohuo ukashusha kauli: inaelekea hivyo, haijathibitika. Mwaka 2010 watafiti wa ule mradi wa Ulaya walikokotoa kuwa kila gramu 200 za ziada za mboga na matunda kwa siku ziliambatana na upungufu wa asilimia 3 hivi wa saratani zote kwa jumla. Kwa taifa zima hiyo ni idadi kubwa ya watu. Kwa mtu mmoja ni kinga nyembamba, na hata hiyo ina mashaka, kwa sababu walaji wa mboga mara nyingi ndio wasiovuta sigara na wasiokunywa pombe kupindukia.

Umio ni mfano wa karibu. Saratani yake imeenea katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, pamoja na Bomet kule Kenya, mahali ambapo sukuma wiki haikosekani mezani. Watafiti wanachunguza mambo mengi huko, likiwemo la kunywa chai ya moto mno. Vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 viliorodheshwa mwaka 2016 kuwa inaelekea vinasababisha saratani. Jani halifuti hatari ya namna hiyo.

Kuna pia somo la Finland. Kwa kuwa walaji wa mboga walionekana kuugua saratani ya mapafu kidogo, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waliandikishwa na baadhi yao wakapewa vidonge vya betakarotini, rangi iliyomo kwenye karoti na majani ya kijani. Matokeo ya mwaka 1994 yalitisha: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Anayekuuzia unga wa majani kwenye kichupa kwa ahadi ya kuzuia saratani anatumia sifa ya mboga kuuza kitu kingine.

Juisi ya kijani ina tatizo lake. Mchicha unasagwa, unamiminwa kwenye chujio, unakamuliwa, na yale makapi yanatupwa. Makapi hayo ndiyo nyuzinyuzi, yaani sehemu ya jani yenye ushahidi bora kuliko zote. Kinachobaki kwenye glasi ni maji, rangi na vitamini kadhaa, na ndicho kinachouzwa kama dawa. Tena si kila jani ni la kunywa bichi: kisamvu kina sumu ya sayanidi, na bibi zetu walikuwa na sababu ya kukitwanga na kukichemsha muda mrefu.

Linaloniuma ni muda. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wenye saratani zinazotibika: waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Kwetu Tanzania, wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road wanafika ugonjwa umekwisha kusambaa. Sababu ni nyingi, umaskini na umbali ukiwa mbele, lakini miezi mitatu ya juisi kwa mama mwenye uvimbe kwenye titi ni miezi mitatu ya ugonjwa kukua.

Hata hivyo siwaungi mkono wahudumu wanaomjibu mgonjwa, "Kula chochote." Anastahili jibu. Mboga ale, zilizooshwa vizuri na kupikwa, hasa akiwa kwenye tibakemikali, maana kinga yake inaposhuka vijidudu vya kachumbari vinaweza kumlaza. Akiwa anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari anakula majani kiasi gani, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Asizidishe wala asiache ghafla. Na aulize mboga imelimwa wapi. Wanakemia waliopima mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, matokeo yao yakatoka mwaka 1999, walikuta ndani yake metali za risasi na kadimi, na kadimi inajulikana kusababisha saratani. Metali hizo zikishaingia ndani ya jani, kuosha hakuziondoi.