Pikipiki Haina Breki, Mvua Haina Huruma

Kuna watu wamelogwa na pombe, wapo waliologwa na mikeka ya mpira, mwenzenu nimelogwa na pikipiki zinazozunguka. Nakaa Coventry, nafanya kazi kwenye ghala, zamu zinabadilika kila wiki bila mtu kuniuliza kama nina roho. Asubuhi wenzangu wanaingia na stori za mpira: refa kaonea, kocha afukuzwe, penalti ile haikuwa penalti. Mimi nakunywa chai yangu. Nikijaribu kuingiza yangu ya spidiwei, mtu ananitazama kwa huruma halafu anauliza, "Ile bado ipo?"

Bado ipo. Kwa tabu, lakini ipo.

Kwa asiyeijua: wanaume wanne, pikipiki nne za cc 500, gia moja, breki hakuna. Sikusema breki mbovu, nimesema hakuna. Zinakunywa methanoli, zinazunguka mara nne kwenye uwanja wa udongo, na siku zote kuelekea kushoto. Wakifika kona hawapunguzi mwendo, wanailaza pikipiki: tairi la nyuma linateleza kwenda nje, la mbele linaangalia kulia wakati mwenyewe anakwenda kushoto, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuzwa chini, na wewe uliyesimama kwenye kona unapokea udongo wa uso bila malipo ya ziada. Baada ya dakika moja hivi imekwisha. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne anapewa pole.

Siku moja nilimwonyesha mjomba wangu wa Tanga kwa simu. Akatazama, akasogeza miwani, akatazama tena.

"Yaani baba, tumekuchangia nauli mpaka Ulaya ukaangalie bodaboda?"

"Mjomba, hizi ni za mashindano. Hazina breki."

"Hata za hapa stendi hazina."

Nikakosa la kumjibu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mbio zenyewe sina ugomvi nazo. Nikifa mnizike nikielekea kona ya kwanza. Ugomvi wangu ni kila kitu kilichozizunguka.

Tuanze na hesabu. Mechi moja ina mbio 15. Kila moja dakika moja. Kwa hiyo nimelipa kiingilio, mafuta, chipsi na maegesho ili nione dakika 15 za kazi, na jioni nzima inakwisha. Muda uliobaki unaangalia trekta. Trekta linapita kusawazisha udongo, na nyuma yake linakuja gari la maji, linamwaga maji uwanjani ili vumbi litulie. Nchi ambayo maji yanashuka toka mbinguni bure kila siku ya Mungu, wao wana gari la maji! Linamwaga, linamwaga, watu wanapiga makofi, na likishamaliza tu, wingu linafika. Mechi imeahirishwa kwa sababu ya maji.

Mvua ya spidiwei ina akili. Haikunyeshei nyumbani ukaahirisha safari. Inakusubiri ufike, uegeshe, ulipe, ununue kijitabu, ndipo inaanza kudondoka ile nyembamba, ya kukuacha na matumaini. Hapo wanatoka watu watatu wenye makoti, wanakwenda kona ya pili, wanachimbachimba udongo kwa visigino, wanatazama juu, wanatazamana. Mashabiki kimya. Mmoja anatikisa kichwa. Spika inakoroma: tunasikitika kuwatangazia. Nusu saa baadaye uko barabarani kurudi nyumbani, mbingu zimefunguka na mwezi unakucheka.

Mama Rehema ananifungulia mlango. "Leo mbona msafi? Hawakushindana?"

Maana siku wakishindana sivuki mlango na viatu. Navulia nje, nakung'uta koti, nakung'uta kofia, na bado kesho yake anakuta mchanga mwekundu kwenye foronya. "Baba Rehema, ungekuwa unalima ningeelewa. Lakini unaleta shamba nyumbani na mahindi hatuyaoni." Chipsi nazo utazila na udongo wake. Wazoefu wanafunika sahani kwa kiganja kila pikipiki zinapokaribia kona, wanafunua, wanachukua moja, wanafunika. Unaweza kumtambua mgeni wa uwanja kwa namna anavyotafuna: kruu, kruu.

Halafu kuna kijitabu. Shabiki wa spidiwei hatazami tu, anafanya kazi ya ukarani. Ndani ya kijitabu kuna jedwali la mbio zote 15, majina, rangi za helmeti, nyekundu na bluu kwa wenyeji, nyeupe na njano kwa wageni, na vijisanduku vya kujaza pointi kwa kalamu yako mwenyewe. Mzee mmoja wa Kiingereza ambaye husimama jirani yangu ana ubao wa kuandikia uliovishwa nailoni, kalamu ya rangi nne iliyofungwa kamba shingoni, na ya akiba soksini. Koti lake limejaa beji mpaka anapogeuka analia chwi chwi. Mbio zikiisha ananiuliza, "Nani wa tatu?" Ameona. Anajua. Ananipima. Nikisema sikuandika, anashusha pumzi ya mtu aliyeambiwa mtoto amefeli mtihani. Mzee huyu alikuwepo Wembley mwaka 1981, fainali ya dunia, uwanja umefurika, Mmarekani Bruce Penhall akachukua ubingwa, na kijitabu cha siku ile anacho mpaka leo kimejazwa kila kisanduku. Nimekionyeshwa. Kukishika hapana.

Twende kwenye kanuni, na hapa naomba mtu mwenye presha akae pembeni. Dereva wako akiumia, au akiwa na kazi kwingine, timu inaruhusiwa kuazima dereva wa timu pinzani awe mgeni kwa siku hiyo. Naam. Chukulia beki wa Simba ameumia, Simba wanawapigia Yanga, Yanga wanasema chukueni wa kwetu huyu, na mashabiki wa Simba wanatakiwa wamshangilie hadi saa nne usiku, kesho warudi kumzomea. Mwananchi wa Kariakoo angepasuka kifua. Huku wanaona kawaida. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wanapona kweli: mara nyingi mgeni ndiye anabeba pointi kuliko wote, halafu wiki ijayo anakuja na jezi yake anatufunga.

Na kwa nini dereva wako hayupo? Yupo angani. Hawa vijana wana waajiri wengi. Jumatatu Uingereza, Jumanne Sweden, Alhamisi karudi Uingereza, Ijumaa na Jumapili Poland. Poland ndiko kwenye pesa. Huko spidiwei ni dini, wamewahi kujaza uwanja wa taifa wa Warsaw mpaka juu, na Bartosz Zmarzlik wao ameshachukua ubingwa wa dunia mara sita, sawa na magwiji wa zamani Ivan Mauger na Tony Rickardsson. Kwa hiyo Poland wakisema njoo, mtu anakwenda, na sisi tunatangaziwa kwamba fulani "hatapatikana leo". Mimi zamu yangu nikiwa "sipatikani leo" naandikiwa barua.

Lakini kanuni inayoninyima usingizi ni ile ya wastani. Kila dereva ana wastani wake wa pointi, na timu inapoundwa kwa msimu mpya, jumla ya wastani wa wote isizidi kiwango kilichowekwa. Sasa fikirini. Timu yako ikishinda sana, wastani wa kila mtu unapanda. Wakipanda wote, jumla inazidi. Ikizidi, mnavunjwa. Yaani adhabu ya ubingwa ni kusambaratishwa! Mnakumbatiana Oktoba, mnalia, mnaapa kufa pamoja, Novemba nahodha anauza picha zake akiwa na jezi ya watu wengine. Nimemuuliza mzee wa beji hii haki iko wapi. Akaniambia bila hivyo timu tajiri ingebeba kila mwaka. Nikamwambia sisi si matajiri na bado tumevunjwa. Akaniuliza nani alikuwa wa tatu.

Na aibu nyingine ni hii. Pale kazini kila miaka miwili naletewa kilio cha timu ya taifa ya mpira ya wanaume: 1966, 1966, tutabeba lini. Nawaambia jamani, Uingereza imebeba ubingwa wa dunia wa timu 2021, ikabeba tena 2024, mara zote mbili hapahapa nyumbani, Manchester, kwenye uwanja wa timu ya Belle Vue. Tai Woffinden amekuwa bingwa wa dunia 2013, 2015 na 2018, Mwingereza wa kwanza kufikisha mara tatu. Wananitazama. Mmoja akauliza huyo Woffinden anacheza namba ngapi.

Sasa nije kwenye jambo lililonipotezea heshima mbele ya binadamu wenzangu.

Timu yangu ya kwanza ilikuwa Coventry Bees. Uwanja uko kijijini Brandon, nje kidogo ya mji, na mbio zilianza pale mwaka 1928, mwaka uleule spidiwei ilipowashika Waingereza baada ya kutoka Australia. Nimeshuhudia ubingwa wa 2005, 2007 na 2010. Mwaka huohuo wa 2007 dereva wetu Chris Harris alikwenda Cardiff, Grand Prix ya Uingereza, moja ya mbio za kuwania ubingwa wa dunia, akampita Mmarekani Greg Hancock kwenye mzunguko wa mwisho, akashinda. Mzunguko wa mwisho! Niliruka mpaka nikamkumbatia polisi. Basi nikaipenda Coventry kwa moyo wote. Msimu wa 2016 ukaisha, na mbio zikaisha nao. Uwanja ukatakiwa kujengwa nyumba. Halmashauri ya mji wa Rugby, yenye mamlaka ya eneo lile, ikakataa ombi la nyumba 2022. Miaka ikapita: mbio hakuna, nyumba hakuna, kuna majani, maandishi ya rangi ukutani na paa lililoungua.

Nikajikusanya. Harris alikuwa Peterborough, nikamfuata huko. Msimu wa 2021 wakaunda timu ambayo zaidi ya nusu yake walikuwa wamekaribia arobaini au wameivuka. Watu wakacheka, wakawaita jeshi la wazee, wakawatabiria mkiani. Wale baba zangu wakachukua ubingwa wa ligi! Mimi mwenye mgongo wa ghalani nilishangilia kwa niaba ya kila mtu anayeinuka kitandani kwa awamu. Nikaipenda Peterborough kwa moyo wote. Mwaka 2023 ukaisha, uwanja ukafungwa, panatakiwa nyumba.

Hapo maneno yakaanza. Watu wa Swindon, ambao uwanja wao mbio za mwisho zilikuwa 2019, wakaniuliza kwa upole kama nami niliwahi kufika kwao. Niliwahi, mara moja tu, na sikukaa sana. Wa Wolverhampton, waliokosa uwanja mwaka mmoja na Peterborough, hawakuuliza kwa upole.

Mimi nasema si nuksi, ni nyumba. Waingereza hawana pa kukaa, kila kiwanja kikubwa chenye maegesho kinatazamwa kwa jicho la njaa. Na uwanja ukinusurika kujengwa, wanajenga pembeni yake. Mtu ananunua nyumba ubavuni mwa uwanja wa pikipiki, amepunguziwa bei kwa sababu ya uwanja wa pikipiki, anahamia, anaweka maua dirishani, Alhamisi saa moja na nusu usiku anapiga simu halmashauri kushitaki kwamba anasikia pikipiki. Bwana mkubwa, ulidhani yale ni maghala ya pamba?

Kwa sasa nimejisogeza Leicester. Nimepiga hesabu zangu: hawa balaa lao walishalimaliza. Uwanja wao wa zamani wa Blackbird Road ulifungwa mwaka 1983, ukageuzwa nyumba, wakakaa zaidi ya miaka 25 bila mbio mpaka waliporudi 2011 pale Beaumont Park. Nikaona hapa pana usalama. Mzee wa beji naye amehamia hukohuko, ila anasimama mita chache mbali nami siku hizi, na nikisema "hawa mwaka huu nawapenda" anagonga mbao ya kiti.

Faida ya Leicester ni kwamba kabla ya mechi napitia duka moja pale Belgrave Road, la mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, akaletwa huku mtoto mwaka 1972 Amin alipowafukuza. Anauza mogo, yaani muhogo, ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, ukiifunga vizuri kwenye karatasi hata udongo wa kona ya kwanza hauipati. Kiswahili chake hakijatetereka. Nilivyomsimulia habari za Coventry, akasikitika. Nikamsimulia za Peterborough, akaacha kufunga karatasi.

"Ngoja bwana. Wewe ilipenda Coventry, ikafungwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Halafu ilipenda Peterborough?"

"Ndiyo."

"Na sasa iko hapa Leicester."

"Ndiyo mzee, na mogo yako hii, nakwambia, Tanga nzima sijaiona."

Akanisukumia mfuko haraka kupita juu ya kaunta, hata pesa hakuhesabu. "Chukua, bwana, chukua bure. Lakini duka yangu usipende."