Mita ya Maji Nimeikubali, Fomu Ndiyo Sijatia Sahihi

Jumapili jioni keateka, msimamizi wa jengo letu la kupanga, alipitisha karatasi chini ya kila mlango. Nyumba 16, karatasi 16. Mwenye ploti anataka kila nyumba iwe na mita yake ya maji. Tutaacha kulipa ile 600 ya kila mwezi, tuanze kulipia uniti kwa shilingi 150, na kila mpangaji achange 2,500 za kununua mita. Chini kabisa kuna maneno mawili ya kuchagua, nakubali au sikubali, kisha namba ya nyumba na sahihi. Irudishwe kufikia Ijumaa ya wiki ya pili.

Kabla sijamaliza kuisoma, vita vilikuwa vimeshaanza kwenye grupu la WhatsApp. Vijana wa ghorofa ya nne, wale wanaotoka alfajiri na kurudi kulala tu, walishangilia. Wamekuwa wakilipa 600 sawa na mimi mwenye watu watano nyumbani na mama fua kila Jumamosi. Mmoja akaandika, "Kumbe sisi ndio tumekuwa tukiwaogeshea watoto." Nilicheka, halafu nikaona aibu kidogo, maana hajasema uongo.

Kwa hivyo mniweke mahali pangu mapema: mimi ni katika wale wanaotarajiwa kukataa. Jibu langu la kwanza lilikuwa hilo hilo, sikubali, na kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Kilichonizuia ni kwamba sikujua tunatumia maji kiasi gani. Miaka sita nimeishi Umoja, Nairobi, nikilalamikia maji na sijawahi kuyahesabu. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, ila nadhani wao walikuwa wanazungumzia bahari, si tangi la plastiki juu ya paa. Nikampa kijana wangu wa darasa la saba kazi: wiki nzima, kila mtungi wa lita 20 ukiisha, achore mstari kwenye kalenda ya jikoni. Kwetu hilo si gumu, maana maji yakifunguliwa huwa tunayakinga yote kwenye mitungi na pipa, na mfereji wenyewe tunautumia kwa nadra. Wiki ilipoisha mistari ilikuwa 98. Hiyo ni lita 1,960, yaani lita 280 kwa siku, au 56 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani husema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie. Mimi niliyekuwa najiona mfujaji, kumbe niko mlangoni tu. Na hapo choo chetu hatukiflash. Tangi lake ni la kizamani, linameza kama lita tisa kila unapobonyeza, kwa hivyo tunamwaga kwa ndoo maji yaliyobaki ya kufulia, kama nusu ya Nairobi inavyofanya.

Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Kwa mwendo wetu tunafika uniti 8.4 hivi kwa mwezi, na kwa 150 hiyo ni kama shilingi 1,260. Mara mbili ya 600! Kalamu ikarudi kwenye "sikubali".

Lakini ile 600 si bei ya maji yangu. Maji ya kanjo, yaani ya mabomba ya jiji, hufika mtaani kwetu siku mbili kwa wiki, na yakifika huingia kwenye tangi la chini, yakapandishwa juu kwa pampu, kisha keateka anafungua valvu ya ngazi yetu saa anayotaka yeye. Akichelewa, au pampu ikipumzishwa, unamngojea mwenye mkokoteni. Nimepitia ujumbe wangu wa M-Pesa wa miezi mitatu: kwa wastani mitungi 35 kwa mwezi, shilingi 20 kila mmoja. Hiyo ni 700. Ukijumlisha na 600, nalipa 1,300. Tofauti na mita ni shilingi 40, haifiki hata bei ya mkate.

Hapo ndipo niliposhtuka, na si kwa sababu ya hizo 40.

Chini ya mpango wa sasa, mwenye ploti anapata 9,600 kila mwezi, maji yatoke yasitoke. Kila saa valvu inapokaa imefungwa, bili ya kampuni ya maji inapungua na stima ya pampu inapungua, ila zile 9,600 ziko pale pale. Simwiti mwizi. Nasema tu kwamba tumemwandikia mkataba unaomlipa kwa kufunga maji, kisha tunashangaa yanafungwa. Mita inageuza hilo. Mfereji ukikauka kwangu, na mfuko wake unakauka. Nikimpa mwenye mkokoteni mia mbili, ni mia mbili ambazo yeye amezikosa. Kwenye grupu tumebishana siku tatu nani anaoga sana, kana kwamba mita inakuja kumpima mpangaji. Ninayetaka apimwe mimi ni yule mwenye ufunguo wa valvu.

Kuna na habari ya mifereji inayovuja. Wa nyumba namba 9 unadondoka tangu Krismasi. Niliomba ruhusa nikaweka kikombe cha robo lita chini yake. Kilijaa kwa dakika 12. Fanya hesabu, kama valvu ingekaa wazi siku nzima: lita 30 kwa siku, 900 kwa mwezi, mitungi 45 inayoingia kwenye sinki bila kumgusa mtu. Jirani yangu si mbaya, ni kwamba hakuna siku huo mfereji uliwahi kumwuma. Vyoo ndivyo vibaya zaidi kwa sababu havipigi kelele. Ukitaka kujua chako, mimina chai ya rangi kwenye tangi la choo usiku, usilibonyeze, uangalie bakuli asubuhi. Ukikuta wekundu chini, mpira wa kuziba tangi umeisha, na mpira wenyewe ni wa pesa kidogo. Na tusijicheke sisi wa ploti: jiji lenyewe hupoteza karibu nusu ya maji linayoyasafisha, kwa mabomba yanayovuja, maunganisho ya wizi na mita mbovu. Maji mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, yanasafishwa Ng'ethu, yanateremka hadi hapa, na nusu haijulikani imelipiwa na nani. Mgao wenyewe tumeuzoea tangu Januari 2017, bwawa lilipopungua, hadi watoto wa chekechea wanajua siku ya maji kuliko siku ya kuzaliwa kwao.

Basi mita ndiyo. Fomu ndiyo siipendi.

Kwanza, hizo 2,500. Mita inafungwa kwenye bomba la mwenye nyumba na nikihama inabaki ukutani. Mlango siununui, dirisha siununui, mita nainunuliaje?

Pili, 150 imetoka wapi? Bei za kampuni ya maji huenda kwa ngazi. Uniti sita za kwanza za nyumba ndizo nafuu, na kadiri unavyopanda ndivyo uniti inavyokuwa ghali. Mpango huo uliwekwa ili mtu mdogo apate maji ya lazima kwa bei anayoiweza. Sasa sisi nyumba 16 tunakaa nyuma ya mita moja kubwa pale getini, na kampuni inatuona kama mteja mmoja mwenye kiu ya ajabu. Zile uniti sita za bei nafuu hazihesabiwi nyumba kwa nyumba, kwa hivyo karibu maji yetu yote tunayanywa kwa bei iliyo juu kuliko hiyo. Mita ndogo za ndani hazibadilishi hilo, kwa sababu kampuni haizisomi. Vijana wa ghorofa ya nne wanaodhani watalipa kama watu wanaotumia uniti mbili hawajaliona hili. Mwenye ploti hawezi kulimaliza peke yake, ila anaweza kutubandikia bili yenyewe kwenye ngazi tuione. Akiongeza stima ya pampu na mshahara wa keateka, aandike. Sitanuna. Na ile miezi tunapoletewa maji ya kisima yenye chumvi, ambayo chai yake haiiviki vizuri, yasije yakapita kwenye mita ile ile kwa bei ile ile.

Tatu, na hapa ndipo grupu lilipochoka nami, kuna tofauti. Jumlisha mita 16 za ndani, linganisha na ile ya getini. Hazitalingana hata siku moja. Kuna maji ya kuoshea ngazi, kuna gari la mwenye ploti linalooshwa Jumapili, kuna nyufa za tangi la chini. Halafu kuna hewa. Bomba likikaa kavu siku nne, maji yakirudi yanaisukuma hewa mbele yake, na mita ya getini inazunguka kwa hewa kama inavyozunguka kwa maji. Mita zetu za ndani zitakula hewa kidogo tu kwa sababu ziko chini ya tangi la juu, lakini ya getini itaihesabu na bili itakuja. Nani analipa hewa? Fomu imenyamaza, na ninavyojua mimi, karatasi ikinyamaza mpangaji ndiye hulipa.

Kuhusu mama wa namba 3, anayekaa na wajukuu wanne kwa kazi ya kuuza mboga, sina jibu safi. Watu wakipimiwa maji hupunguza, na wanaopunguza sana ni wale ambao hawakuwa na cha kupunguza. Watoto ndio wataacha kunawa mikono. Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, lakini Katiba haisomi mita. Nimependekeza kila nyumba ipewe uniti tatu za kwanza kwa bei ya chini, tufidie kwenye uniti za juu. Vijana wametuma vikatuni vya mtu anayelala. Nitarudia Jumatano.

Sahihi yangu bado haipo pale mbele. Nimegeuza karatasi, nikaandika upande wa nyuma: mita ni ya nyumba, bili ibandikwe, mita ya getini tuisome pamoja tarehe moja, na tofauti isigawanywe kwa wapangaji hadi tujue ni ya nini. Jana jioni nilimpelekea keateka. Aliisoma mbele akiwa amesimama kwenye ngazi, akaigeuza, akasoma polepole, akaniangalia.

"Mama, hii fomu huwa haina nyuma."

Nikamwambia basi ampelekee hivyo hivyo. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kufunga valvu.