Samaki wa kopo si chakula cha mgonjwa

Jumapili moja nilimpigia mama simu kutoka Nagoya. Shikamoo, marahaba, kisha swali lake la siku zote: umekula nini leo? Nikamwambia wali na samaki wa kopo. Akanyamaza kidogo.

"Unaumwa, mwanangu?"

Namwelewa. Kwetu Tanga kopo la samaki ni la sanduku la mwanafunzi wa bweni, au la siku nyumba imeishiwa. Mgeni humwekei. Samaki ni yule uliyemfuata soko la Deep Sea asubuhi, ukamtazama macho na mashavu, ukapatana bei. Nilikuja Japani na dharau hiyohiyo, na haikunitoka upesi.

Kazini natoka saa mbili usiku. Kabla ya kuondoka huwa nimeosha mchele, nimeuweka kwenye sufuria ya umeme na kuitegesha saa, kwa hiyo nikirudi wali umeiva na una moto. Zilizobaki ni dakika 10. Kopo ninalonunua limeandikwa mizuni, yaani samaki wa kuchemshwa kwa maji, ndani mna samaki na chumvi, basi. Yale yenye mchuzi mtamu nasoma maandishi yake kwanza, maana mengi yana mirin au sake, pombe za mchele. Samaki mwenyewe Wajapani wanamwita saba, kama namba yetu, na ukimwonja utamtambua: ni jamaa wa kibua.

Nakaanga kitunguu mpaka kilegee, namimina kopo lote pamoja na maji yake, naongeza kijiko cha sosi ya soya, sukari kidogo, tangawizi mbichi ya kukuna. Mchuzi ukikaribia kukauka nazungushia mayai mawili yaliyopigwa, nafunika, nazima moto yakiwa bado laini. Wali kwenye bakuli, samaki juu yake, majani ya vitunguu, ufuta. Bakuli hilo huitwa donburi, na chakula chenyewe pia huitwa donburi. Miiba usihangaike nayo. Samaki huingia koponi akiwa mbichi, kopo likafungwa ndipo likapikwa kwa moto mkali chini ya shinikizo, mifupa ikalainika hadi unaitafuna.

Wenyeji hawaoni aibu. Wamekuwa wakitia samaki makoponi tangu mwaka 1871, walipoanza na sadini wa mafuta kule Nagasaki, na leo rafu za makopo hayo dukani ni ndefu kama zetu za sabuni. Watu wanayaweka nyumbani kama akiba ya siku ya tetemeko, na wanayala hata siku ambazo ardhi imetulia.

Sasa niseme linalonikaa moyoni. Tukisifu chakula cha nyumbani kwamba kinapikwa taratibu, tuseme na huo muda ni wa nani. Mimi nilikuwa msichana wa pili katika nyumba ya watu wanane. Vibua vikifika saa nne, ni sisi tuliovipaa magamba, tukavitoa matumbo, tukavipaka ndimu. Mchele uchaguliwe mawe, upepetwe. Nazi ikunwe kwenye mbuzi, ichujwe, tui la kwanza litengwe na la pili. Mkaa wenyewe uwake. Kaka zetu walikuwa wakirudi kutoka uwanjani wanakuta sinia limefunikwa. Wali ule ulikuwa mtamu kuliko chochote nilichokula huku, naapa. Lakini zilikuwa saa nne za mchana wetu kila siku, na hakuna aliyezihesabu kwa sababu zilikuwa zetu. Mwanamke wa Dar anayeshuka daladala saa moja jioni na bado akatakiwa kuanza na nazi, akifungua kopo asiitwe mvivu.

Silitetei bakuli kwa kila kitu. Wali wa hapa unashikana, hauna chumvi wala nazi, na mwaka 2025 bei ilipanda mpaka kilo 5 zikapita yeni 4,000, tukawa tunapima kwa kikombe. Kubwa zaidi ni kwamba donburi ni ya mtu mmoja. Unainyanyua mkononi, unaiinamia, unamaliza. Nimekula usiku mwingi bila kumwambia mtu "karibu", na bila kuambiwa. Hilo silitaki lifike kwetu.

Nilipokwenda likizo nilibeba makopo 8 kwenye begi. Nikapika mwenyewe kwa mama, vitunguu vitatu, mayai kumi, kila kitu kwenye sufuria kubwa, nikamwaga juu ya wali katika sinia. Shangazi akasema wali hauna nazi, ni kama wa hospitali. Mama akaleta ndimu na pilipili mbuzi, akakamua bila kuniuliza, na kweli ikakaa vizuri zaidi. Dada yangu mkubwa, ambaye siku zote hufika sinia likiwa limebaki nusu, huku mikono ikinuka samaki, alikaa nasi tangu tonge la kwanza. Alikula polepole. Mama akamsogezea kipande cha tumbo, akaniuliza huko dukani kopo moja ni shilingi ngapi.